Umekataliwa Kozi ya Nusukaputi? Tafuta Ulipokwamia Kabla ya Kuomba Tena

Saa tisa usiku, mashine ya kupumulia inalia kitanda cha nne. Oksijeni kwenye damu imeshuka hadi asilimia 84. Muuguzi aliyeingia ICU, yaani wodi ya wagonjwa mahututi, juzi atakimbilia kuongeza oksijeni, kisha asimame akikodolea monita macho. Aliyezoea huanza na mgonjwa mwenyewe. Kifua kinapanda pande zote mbili? Hapana, kushoto kumelala. Anatazama mpira wa kupumulia pale kwenye meno: jioni uliandikwa sentimita 22, sasa unasoma 26. Umezama, umeingia pafu la kulia peke yake. Ukimfungulia oksijeni yote iliyoko Nairobi, shida itabaki palepale mpaka mpira uvutwe nyuma.

Barua ya kukataliwa kozi ya nusukaputi, yaani ya kulaza wagonjwa wakati wa upasuaji, nayo ni king'ora. Inakwambia kuna kasoro, haikwambii iko wapi. Nimewaona wenzangu wengi wakiijibu kwa kuongeza oksijeni: mwaka ukiisha wanatuma faili lilelile, wameliwekea vyeti vitatu zaidi vya semina. Mimi nilikataliwa mara mbili, na mara ya pili nilianguka kwa sababu ileile ya kwanza, kwa kuwa sikuwa nimeuliza. Naandika haya kwa ajili ya muuguzi aliye ndani ya matatu asubuhi akitoka zamu ya usiku, barua yake imo kwenye simu, na hajamwambia mtu yeyote nyumbani.

Kabla ya yote: ulikwamia wapi?

Maombi hupita milango minne. Kuna ukaguzi wa karatasi, kuna mahojiano, kuna upangaji wa majina ambapo wengine huwekwa kwenye orodha ya kusubiri, na mwisho kuna kuripoti chuoni kwenyewe: karo, ruhusa ya mwajiri, mahali pa kulala. Aliyezuiliwa mlango wa kwanza na aliyezuiliwa mlango wa pili wana magonjwa mawili tofauti, na dawa ya mmoja haimsaidii mwenzake. Kusoma fiziolojia usiku kucha hakumfai mtu ambaye leseni yake ilikuwa imeisha muda siku faili lilipofunguliwa.

Kwa hiyo uliza, na uulize mapema, wiki mbili za kwanza, wakati faili lako bado linakumbukwa. Muandikie mratibu wa kozi. Usimuulize kwa nini walikukataa, maana swali hilo humfanya mtu ajitetee, na atakujibu kwamba nafasi zilikuwa chache. Andika hivi: "Nashukuru kwa kulisoma ombi langu. Ninakusudia kuomba tena awamu ijayo. Kati ya alama zangu, uzoefu wangu wa ICU, barua za mapendekezo na mahojiano, ni sehemu gani iliyonishusha zaidi?" Umempa vitu vinne achague kimoja, na anaweza kukujibu kwa mstari mmoja tu. Mstari huo una thamani kuliko semina kumi. Asipojibu baada ya wiki mbili, piga simu ofisini asubuhi, kwa adabu, mara moja.

Dalili: hukuitwa hata mahojiano

Hapa chanzo karibu kila mara kimo kwenye karatasi.

Anza na mlango wenyewe. Hapa Kenya, kuna mafunzo ya nusukaputi ya maafisa wa kliniki na kuna ya wauguzi, na kila kundi lina baraza lake. KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, imewafundisha maafisa wa kliniki kazi hii kwa miaka mingi, na Hospitali ya AIC Kijabe, kule juu ya Bonde la Ufa, inajulikana kwa kuwafundisha wauguzi. Nimewahi kuketi na dada mmoja mwenye huzuni kubwa, tukalifungua tangazo alilojibu, tukakuta mstari wa pili unataka cheti cha afisa wa kliniki. Hakuwa ameshindwa na mtu yeyote. Alikuwa amebisha nyumba ya jirani.

Kisha leseni. Iwe hai siku ya kutuma, na iwe hai pia siku watakayoikagua kwenye kumbukumbu za Baraza la Wauguzi. Ikiwa inaisha Desemba na maombi yanasomwa Januari, ihuishe kwanza. Majina nayo yalingane: cheti cha KCSE, transkripti (orodha ya alama zako za chuo), kitambulisho, leseni. Aliyeolewa akabadilisha jina aambatishe hati ya kuthibitisha. Transkripti ndiyo huchelewa kuliko vyote, kwa hiyo iombe miezi mitatu kabla.

Karatasi zikiwa safi, angalia aina ya uzoefu wako. Hapa ndipo wengi huumia bila kuelewa. Unaandika "miaka minne, wagonjwa mahututi", lakini anayesoma anataka kujua: ulikuwa ICU kamili au HDU, wodi ya uangalizi wa karibu iliyo chini ya ICU? Vitanda vingapi? Wagonjwa wako walikuwa kwenye mashine ya kupumulia? Wewe mwenyewe ulikuwa ukipandisha na kushusha noradrenalini, dawa ya kuinua presha, au ulikuwa ukimuita mtu? Sentensi ya "niliwahudumia wagonjwa mahututi" haijibu hata moja ya hayo. Iandike hivi: "ICU ya vitanda sita, muuguzi mmoja kwa mgonjwa mmoja au wawili, mashine ya kupumulia, mirija ya kupimia presha ndani ya ateri, dripu za noradrenalini na adrenalini, kuchukua na kusoma gesi za damu." Kila neno liwe la kweli, maana kwenye mahojiano wataanzia hapohapo.

Ukikuta uzoefu wako kwa kweli ni wa wodi ya kawaida, tiba haimo kwenye maneno. Omba kuhamishwa. Msimamizi wako akikwambia ICU imejaa, omba zamu za kushikia wenzako walio likizoni, au fikiria diploma ya juu ya uuguzi wa wagonjwa mahututi. Ni mwaka wa maisha yako, najua, na wengine wana watoto na mkopo wa sacco unaokatwa kila mwezi. Lakini kozi hii ikikukubali bila msingi huo, utausomea msingi ndani ya thieta huku mgonjwa amelala mbele yako, na sitaki hilo likupate wewe wala yeye.

Alama ni jambo gumu zaidi, kwa kuwa zimeshapita. Ile C ya kemia haitafutika. Kinachowezekana ni kuweka alama mpya karibu yake. Mwenye diploma akasome digrii ya uuguzi, na ajitahidi hasa kwenye farmakolojia, fiziolojia na takwimu. Anayelisoma faili huangalia mstari unakoelekea: mtu aliyepata C mwaka 2014 kisha A tatu mwaka 2023 ameshajieleza. Usiandike aya nzima ya kujitetea kuhusu alama za zamani. Sentensi mbili zinatosha: kilichotokea, na ulichofanya baadaye.

Dalili: uliitwa, ukahojiwa, ukarudi mikono mitupu

Kwanza pokea habari njema iliyojificha hapa: karatasi zako ni nzima. Usiziguse. Shida iko kinywani au kichwani, na zote mbili zinatibika kwa miezi sita ya kazi ya makusudi.

Nitakueleza swali lililoniangusha, maana hata leo naweza kuchora ile meza na jagi la maji lililokuwa juu yake. Mgonjwa ametoboka utumbo, ametoka thieta, yuko kwenye mashine. Presha 78 kwa 40, mapigo 128. Unafanya nini?

Nikajibu haraka: "Noradrenalini."

Mwanajopo mmoja, mama mtu mzima mwenye sauti ya upole, akauliza: "Wastani wa presha hiyo ni ngapi?"

Monita zetu huuonyesha wastani huo kwenye mabano, na kwa miaka mitatu nilikuwa nikiusoma tu. Sikuwahi kuuhesabu. Nikanyamaza. Akaendelea: "Na kwa nini siyo dopamini?" Nikasema hospitalini kwetu hatuitumii. Mahojiano yangu yaliishia hapo, ingawa tuliketi dakika kumi na tano zaidi.

Hesabu yenyewe ni hii: presha ya chini mara mbili, jumlisha ya juu, gawanya kwa tatu. Themanini na sabini na nane ni 158, gawanya kwa tatu, karibu 53. Mgonjwa mwenye maambukizi makali kwenye damu tunamtaka afike angalau 65, kwa hiyo figo zake na ubongo wake zina njaa wakati huu tunapozungumza. Unaangalia kama amepewa maji ya kutosha, na mwongozo unaotumika duniani ni mililita 30 kwa kila kilo ya uzito katika saa za mwanzo. Noradrenalini inaikaza mishipa iliyolegea na kuusaidia moyo kidogo, bila kuukimbiza sana. Dopamini huukimbiza na huweza kuuvurugia mdundo, na huyu tayari yuko 128. Ningeweza kusema yote hayo kwa dakika moja. Nilikuwa nikiyafanya kila wiki kwa mikono bila kuyauliza.

Jopo halipimi kama umewahi kuishika dawa. Linapima kama unajua kinachotokea ndani ya mgonjwa baada ya kuishika, kwa sababu ndani ya thieta mara nyingi hakutakuwa na mtu wa kukujibu. Katika hospitali nyingi za kaunti, aliyesomea nusukaputi, awe muuguzi au afisa wa kliniki, ndiye peke yake kichwani pa mgonjwa.

Dawa yake niliyotumia mimi ni daftari dogo la mfukoni. Kila zamu, mgonjwa mmoja, dawa moja, tarakimu moja. Ukurasa wa siku moja ulikuwa hivi: mgonjwa: ajali ya bodaboda, jeraha la kichwa; dawa: propofoli ya usingizi, inashusha presha kwa sababu inalegeza mishipa; tarakimu: kaboni dioksaidi ya damu 52, iko juu, na kwa jeraha la kichwa hiyo hupanua mishipa ya ubongo na kuongeza shinikizo ndani ya fuvu; tulichofanya: tuliongeza kasi ya pumzi kwenye mashine; saa moja baadaye: 39. Mistari mitano tu. Baada ya miezi minne una kurasa zaidi ya sitini, na kila moja ni jibu la mahojiano lenye mgonjwa halisi ndani yake. Usiandike jina la mgonjwa wala nambari yake ya hospitali.

Kisha tafuta mtu akuhoji kwa sauti. Kusoma kimya hakutoshi. Ulimi nao unahitaji mazoezi. Mkalishe mwenzako baada ya zamu, akuulize "kwa nini" mpaka ufike mwisho wa unachojua. Utafika tu, kila mtu hufika, na jopo litakusukuma mpaka pale kwa makusudi. Jifunze kusimama hapo bila kubahatisha: "Hilo silijui. Kwa mgonjwa huyu ningeangalia gesi za damu, na ningemuita daktari kabla sijaongeza dozi." Jibu hilo linaheshimiwa. Anayebuni jibu mbele ya jopo atabuni pia mbele ya mgonjwa, na wao wanalijua hilo.

Swali jingine linalowaangusha watu wazuri ni lile rahisi: kwa nini nusukaputi? "Nataka kuendelea kimasomo" ni jibu la mtu ambaye hajaiona kazi. Nenda ukaione. Omba ruhusa ukae thieta siku nzima, hata siku yako ya mapumziko, ukimfuata anayelaza wagonjwa. Fika kabla ya saa moja na nusu, umkute akiikagua mashine kabla mgonjwa wa kwanza hajaingia, akiwasha taa ya kile chombo cha kutazamia koo, akisikiliza kama kinyonya makohozi kina nguvu. Msikilize akimuuliza mgonjwa alikula lini, maana chakula kinataka saa sita na maji matupu saa mbili. Mtazame akimchoma sindano ya ganzi mgongoni mama anayejifungua kwa upasuaji: mama ameketi, mgongo umepinda kama paka, muuguzi mwingine amemshika mabega. Dakika chache baadaye presha inashuka, mama anasema "nasikia kizunguzungu, Sista," na mkono wa yule mtaalamu tayari umo kwenye sindano aliyoiandaa mapema. Ukishaliona hilo, swali la kwa nini halitakusumbua tena.

Dalili: kila kitu kinaonekana sawa, lakini unakataliwa miaka nenda miaka rudi

Shuku barua za mapendekezo. Wewe huzioni, kwa hiyo ndizo huoza bila harufu.

Wengi wetu tunafuata cheo. Tunamuomba mkuu wa hospitali ambaye hajawahi kutuona tukifanya kazi, naye anaandika kwamba sisi ni wachapakazi, tunafika kwa wakati na tunashirikiana na wenzetu. Barua hiyo inaweza kuandikiwa mtu yeyote aliye kwenye orodha ya mishahara. Msimamizi wako wa ICU, au daktari wa nusukaputi aliyekukuta saa kumi usiku ukiwa umeshagundua kwamba mpira umeziba makohozi, anaweza kuandika jambo ambalo hakuna mwingine aliyeliona. Nenda kwake ana kwa ana. Muulize waziwazi: "Sista, unaweza kuniandikia barua yenye nguvu?" Akisitasita, mshukuru, mtafute mwingine. Akikubali, mpe karatasi moja yenye visa viwili vitatu mlivyokuwa pamoja, na tarehe ya mwisho. Mpe wiki nne.

Sababu nyingine ni kuomba mahali pamoja tu. Programu hizi huchukua watu wachache, na mtu anaweza kuwa mzuri na bado akakosa. Omba zote unazostahili.

Dalili: unaomba Marekani ukiwa Nairobi, na hujibiwi

Nitalieleza hili kwa kirefu kidogo kwa sababu watu wanapoteza pesa nyingi. Kule Marekani, tangu Januari 1, 2022, kila anayeanza kozi ya nusukaputi ya wauguzi lazima aingie ngazi ya udaktari wa kitaaluma, miezi 36 au zaidi. Masharti ya baraza linalozisajili programu hizo yanataka digrii, leseni ya uuguzi ya kule, na angalau mwaka mmoja wa kazi ya muda wote, au saa zinazolingana nayo, kwenye wodi ya wagonjwa mahututi. Na mwaka huo lazima uwe umefanyika ndani ya Marekani, kwenye maeneo yaliyo chini yake, au kwenye hospitali ya jeshi lake nje ya nchi. Miaka yako minane ya ICU hapa Nairobi, hata iwe imekufanya hodari kuliko wote watakaoketi nawe darasani, haihesabiwi kwenye sharti hilo.

Basi ukikataliwa ukiwa hapa, usiandike upya barua ya kujieleza. Fuata ngazi kwa mpangilio: transkripti zako zikaguliwe somo kwa somo, ufanye NCLEX-RN, mtihani wa kupata leseni ya uuguzi kule, upate leseni ya jimbo, upate kazi ya ICU huko, kisha ndipo uombe. Wengi wanaokubaliwa huwa na zaidi ya ule mwaka mmoja. Wengi pia huwa na cheti cha CCRN cha uuguzi wa wagonjwa mahututi, mtihani wa maswali 150 kwa saa tatu, na njia mojawapo ya kuufikia ni saa 1,750 za kuhudumia wagonjwa mahututi katika miaka miwili, 875 kati yake zikiwa za mwaka wa karibuni. Wastani wa alama unaotajwa na vyuo vingi ni 3.0 kati ya 4.0 kwenda juu. Na weka akiba, kwa sababu vyuo hivyo havitaki ufanye kazi wakati wa masomo, na miaka mitatu bila mshahara, huku nyumbani wakikutegemea, ni mzigo wa kuupanga mapema pamoja na familia.

Dalili: uko kwenye orodha ya kusubiri

Andika siku hiyohiyo kwamba bado unaitaka nafasi. Likitokea jambo jipya la kweli, kama cheti au alama, wajulishe mara moja. Zaidi ya hapo utawachosha. Weka karo na hati tayari, kwa kuwa simu ya orodha hii huja ghafla.

Dalili: ulipata nafasi, ukashindwa kuripoti

Huyu hahesabiwi kama amekataliwa, lakini machozi ni yaleyale. Tangu huduma za afya zihamishiwe kaunti mwaka 2013, muuguzi wa umma huhitaji ruhusa ya mwajiri wake wa kaunti ili aende masomoni huku akilipwa, na kwa kawaida hutia saini mkataba wa kurudi kufanya kazi kwa muda fulani. Ruhusa hiyo hupita ofisi kadhaa, na kila ofisi ina siku zake. Nilimuona ndugu mmoja akipoteza nafasi yake kwa sababu barua ilikaa wiki tisa kwenye trei ya mtu aliyekuwa likizoni.

Omba ruhusa siku unayotuma maombi ya kozi, usingoje kukubaliwa. Eleza upungufu uliopo: thieta ngapi, wataalamu wa nusukaputi wangapi, mara ngapi mama amesafirishwa hospitali nyingine kwa sababu hapakuwa na wa kumlaza. Takwimu hizo zimo kwenye kitabu cha thieta chenu. Ombeni ruhusa mzihesabu. Mwajiri akiona kwamba atakayerudi atafunga pengo lake mwenyewe, mazungumzo hubadilika, na vyuo navyo hupenda kumpokea mtu anayejulikana atarudi wapi. Peleka barua mwenyewe kwa mkono, nakala mbili. Moja iachwe ofisini, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, uende nayo nyumbani. Rudi kuiulizia kila Jumatatu.